Seti ya Dubai

Kisa hiki ni cha kutunga, ila vipimo vilivyomo ni vya kweli. Yeyote aliyewahi kununua fimbo za gofu kwa kutazama tu, bila kuuliza mwili wake unasemaje, atamtambua mhusika mkuu hata bila kutajiwa jina. Wengine watajitambua wenyewe.

Mhusika huyo ni mfanyabiashara wa Gitega. Mji ule ulipotangazwa makao makuu ya siasa ya Burundi, mwishoni mwa 2018, saruji na mabati yake vilianza kutoka kwa kasi, na fedha ilipotulia mfukoni akatafuta mchezo wa kwenda nayo. Ni mfupi, mpana wa mabega, ana miaka 50 na ushei, na ana haraka katika kila jambo isipokuwa kuzungusha fimbo. Jumamosi alishuka Bujumbura kucheza, kilomita kama 100 za milima na kona za Bugarama. Wiki ambazo petroli ilipotea vituoni alipanda lori la mteja wake, mfuko wa fimbo ukiwa umelazwa juu ya magunia ya viazi.

Fimbo zenyewe zilikuwa za chagua, yaani mitumba, nusu seti ya fimbo 7, kila moja na ukoo wake, alizozipata sokoni kwa bei ya kutupa. Kwa fimbo hizo alikuwa anamaliza mashimo 18 kwa mikwaju 100 na kidogo. Kwa mtu aliyeanza gofu akiwa na wajukuu, hayo si mabaya hata kidogo. Mpira ulipaa, ukaenda mbele, ukatua karibu na alipotaka. Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Siku moja, wakisubiri zamu kwenye shimo la kwanza, mwenzake mmoja aliinamia ule mfuko akasoma herufi iliyochapwa kwenye shafti, chini kidogo ya mshiko. Ilikuwa L. Akacheka hadi akakaa chini.

“Patroni! Kumbe unachezea fimbo za mama?”

Ni kweli kwamba herufi L huwekwa kwenye shafti laini kabisa, ambazo viwanda hutengeneza vikiwafikiria wanawake. A ni ya wazee, R ni ya kawaida, S ni ngumu, na X ni ngumu mno, ya watu wanaoishi kwa mchezo huu. Ni kweli pia kwamba herufi hizo hazijui jinsia ya mtu wala ukubwa wa duka lake. Zinajali kitu kimoja, yaani kichwa cha fimbo kinakwenda kasi gani mikononi mwako. Lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kuingia, na mtu wa Gitega alirudi nyumbani usiku ule akiwa ameamua kwamba fimbo zake zinazofuata zitakuwa za kiume.

Mwezi Februari alikuwa Nairobi kwa shughuli za mabati, na mwenyeji wake akampeleka Muthaiga kutazama Kenya Open. Shindano hili lilianza 1967, Severiano Ballesteros alilishinda 1978 akiwa bado kijana, na tangu 2019 limo katika ratiba kubwa ya wachezaji wa kulipwa wa Ulaya. Bwana wetu alisimama kwenye kamba nyuma ya vijana warefu wanaopasua hewa. Aliona fimbo zao za chuma, nyembamba kama wembe, hazina tumbo wala mgongo. Akauliza ni za aina gani, akaambiwa. Akauliza shafti, akaambiwa X. Akaandika kwenye simu.

Nadhani hakuna mahali pabaya pa kuchagulia fimbo kama ukingoni mwa shindano la kulipwa. Mchezaji wa kiwango kile huzungusha fimbo ndefu kwa kasi ya kilomita 185 kwa saa hivi, na mwanamume wa kawaida anayecheza kwa burudani hufika 150 akijitahidi. Bwana wetu, alipokuja kupimwa baadaye sana, alikutwa na 130. Kumtazama mtu wa 185 ili ujue ununue nini kwa 130 ni sawa na kumpimia bibi harusi gauni kwa mwili wa jirani yake.

Alinunua Dubai, katika safari yake ya kawaida ya bidhaa. Dola aliitafuta barabarani, ambako wakati huo ilikuwa inauzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki, kwa hiyo hata kabla ya kufika dukani seti ile ilikuwa imekwisha kuwa ghali kuliko ilivyoandikwa. Dukani palikuwa na chumba chenye wavu na mashine ya kupima kasi. Muuzaji, kijana mpole, alimwomba apige mipira kumi, bila malipo.

“Hapana,” akajibu. “Mimi si mtoto wa shule wa kupimiwa sare. Nipe hizi.”

Alitoka na seti kamili ya fimbo za chuma za kufuliwa, za kile kichwa chembamba, shafti za chuma za X zenye uzito wa gramu 130 kila moja, urefu wa kiwandani. Akaongeza na fimbo mpya ya kusukumia mpira shimoni, kubwa, yenye kichwa cha umbo la nusu mwezi.

Sasa niseme kidogo juu ya vyuma hivyo, kwa sababu si vibaya. Fimbo ya kichwa chembamba imebeba uzito wake wote katikati, nyuma ya pale mpira unapotakiwa kugongwa. Ukigonga pale hasa, hakuna raha kama ile, na fundi mzuri anaweza kuuamuru mpira upinde kushoto au kulia atakavyo. Ukikosea kwa upana wa kidole, kichwa kinajipinda mkononi, mpira unapoteza njia, na mikono inapata mshtuko hadi begani. Fimbo zenye shimo mgongoni, ambazo uzito wake umesukumwa kwenye kingo, zinasamehe kosa hilo. Kwa kuwa sisi wengine hukosea karibu kila mara, ningedhani uchaguzi ni rahisi. Si rahisi, kwa sababu zenye shimo ni nene na hazipendezi kwenye picha.

Jambo la pili ambalo hakuambiwa, kwa kuwa hakuuliza, ni namba. Fimbo namba 7 ya seti yake ilikuwa na uso uliolala nyuzi 34. Namba 7 ya yule mwenzake mcheshi wa Bujumbura, ya mtindo mpya wenye kichwa kinene, ilikuwa na nyuzi 29. Ile namba 7 ya mwenzake, kwa vipimo, ni kama namba 6 au 5 ya seti yake. Walipokuwa wakipiga “namba 7” zao pamoja, mpira wa mwenzake ulimpita mita 15, naye akadhani ni upungufu wa nguvu. Akaanza kuzungusha kwa hasira.

Ajabu ni kwamba miezi miwili ya kwanza ilikwenda. Si vizuri kama zamani, lakini mpira ulikuwa unakwenda mbele, chini chini, na mara nyingi ulinyooka. Akawaambia watu Gitega kwamba fimbo zinahitaji kuzoewa. Kunyooka kwenyewe kulikuwa ndiyo mtego, na tutarudi hapo.

Kiangazi kikaingia. Kuanzia Juni ardhi hukauka, na fimbo ya chuma nzito inayogonga udongo mkavu kabla ya mpira haina huruma. Kufikia Agosti, upande wa ndani wa kiwiko chake cha kulia ulikuwa unauma hata akiinua kikombe cha chai. Daktari alimwambia kano zimechoka, apumzike wiki sita. Akapumzika mbili.

Maumivu yakamfanya atafute mchawi, na mchawi akawa urefu. Mtu mmoja alimwambia: wewe mfupi, fimbo hizi ndefu, zikate. Akazipeleka kwa fundi chuma wa mtaani, aliyekuwa na mashine ya kukatia nondo. Fundi akatoa mishiko, akakata sentimita 2.5 upande wa juu wa kila shafti, akarudisha mishiko, akapokea hela yake. Kazi ilikuwa safi. Jumamosi iliyofuata, mipira yote, yote bila kubakiza, ilikwenda kulia. Wageni waliokuja siku ile kutoka Kampala walikuwa waungwana, wakamsaidia kuitafuta majanini shimo baada ya shimo, na kwenye shimo la 9 akasema kiwiko kinamsumbua, akaondoka.

Hapa anaingia mhusika wa pili.

Saruji ya bwana huyu hutoka Tanzania, huingia kwa mpaka wa Kobero na kupita Muyinga. Huko Muyinga ana fundi wa baiskeli anayemtengenezea mikokoteni, mzee Mwislamu mwenye kofia ya kufuma na mikono myeusi kwa grisi. Mzee huyu ujana wake aliumalizia ukimbizini Tanzania, na kwa miaka kadhaa alibeba mifuko ya wachezaji gofu Dar es Salaam. Kedi mzuri huona mengi kuliko anayembebea, kwa sababu yeye hatazami mpira, anamtazama mtu. Bwana wa Gitega alikuwa hajui historia hiyo hadi siku alipopitia Muyinga kwa njia ya Karuzi, mfuko ukiwa nyuma ya gari, na mzee akauona.

“Zako hizi, mdogo wangu?”

“Zangu, mzee. Fundi ameziharibu.”

“Ngoja nione.”

Aliitoa namba 7, akaikamata kama mtu anayekamata mkono wa rafiki wa zamani, akaitikisa mara moja. Akasoma herufi. Hakucheka. Akamwambia avae viatu vyake vya kuchezea, asimame wima kwenye sakafu ya karakana, mikono imelegea. Akaazima utepe wa fundi cherehani wa jirani, akapima kuanzia mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Sentimita 81. Kwa kawaida mtu mwenye 86 hadi 91 huweza kutumia urefu wa kiwandani bila taabu. Aliye chini ya hapo huhitaji fimbo fupi kidogo, na muhimu zaidi, iliyolazwa chini kidogo, maana mikono yake iko karibu na ardhi.

Kisha akatoa kalamu ya wino wa kufutika, akachora mstari wa wima kwenye mpira, akauweka kwenye kapeti ya mlangoni, mstari ukiuelekea uso wa fimbo. “Piga kwenye lile gunia la makapi.” Mpira ulipogongwa, wino uliacha alama yake kwenye chuma. Mstari ukiwa umesimama wima usoni mwa fimbo, pembe inakukubali. Ukiinama, haikukubali. Wake ulikuwa umekaribia kusimama.

“Fundi wako hakuharibu kitu,” mzee akasema. “Amekata zaidi kidogo ya inavyotakiwa, lakini alichotibu ni ugonjwa wa kweli.”

Halafu akamweleza, akichora kwa kijiti chini. Kabla ya kukatwa, fimbo ilikuwa ndefu na imesimama mno kwa mtu mfupi. Ilipofika kwenye mpira, kisigino chake kiligusa chini na ncha ikaning’inia hewani. Fimbo yenye uso uliolala, ikiinuliwa ncha, inatazama kushoto. Kwa hiyo hilo lilikuwa linamvuta kushoto. Upande wa pili, shafti ya X mikononi mwa mtu wa mwendo wa taratibu haipindi inavyopaswa, kichwa kinachelewa, uso unafika ukiwa wazi. Hilo linasukuma mpira chini na kulia. Moja inavuta kushoto, nyingine inasukuma kulia, mpira unanyooka. Kwa miezi miwili kasoro mbili zilifichana, na mwenyewe akadhani amepatia. Alipoikata, kasoro ya kwanza iliondoka. Ya pili ikabaki peke yake uwanjani, tena imezidi nguvu kidogo, kwa sababu shafti ikipunguzwa juu huwa ngumu zaidi na kichwa huonekana chepesi mkononi.

Haya ndiyo maelezo niliyotaka msomaji ayapate, na ndiyo sababu ya kuandika kisa chote. Mchezaji anayenyoosha mpira kwa fimbo asizopimiwa hana uhakika kama fimbo zinamfaa au kama makosa yake yamepatana kwa muda. Kurekebisha jambo moja peke yake, hata likiwa jambo sahihi, kunaweza kumfanya acheze vibaya kuliko jana. Ndiyo maana wapimaji wanaojua kazi yao huangalia urefu, pembe, uzito na ugumu wa shafti, na unene wa mshiko kwa pamoja, huku mtu akipiga mipira halisi, na hawakubali kubadilisha kimoja bila kuangalia vingine.

“Na zile za zamani?” mzee akauliza. “Zilikuwaje?”

Bwana akasita. Kisha akasema herufi iliyokuwepo.

“Basi zilikuwa karibu nawe kuliko hizi,” mzee akajibu, bila kuweka kejeli yoyote. “Nyepesi, fupi, laini. Pengine zilikuwa laini kupita kiasi kidogo. Ungehitaji hatua moja tu kwenda juu. Wewe umeruka hatua nne.”

Akaongeza jambo ambalo wauzaji wengi hawapendi kulisema: herufi hizo hazina kipimo kimoja duniani. R ya kiwanda kimoja inaweza kuwa S ya kingine. Kwa hiyo hata anayeijua herufi yake lazima apige kwanza.

Ikabaki ile fimbo ya kusukumia. Mzee aliilaza juu ya kidole kimoja, shafti ikiwa sambamba na ardhi, hadi ikatulia. Uso wake ukageuka kutazama mbinguni. Fimbo za namna hiyo humfaa mtu ambaye mkono wake hurudi na kwenda kwa mstari ulionyooka. Akamwambia asukume mipira mitano kuelekea kopo la rangi. Mkono wa bwana ulikuwa unazunguka kama mlango kwenye bawaba, ukifunguka nyuma na kufunga mbele. Mtu wa namna hiyo husaidiwa na fimbo ambayo, ikilazwa kidoleni, ncha yake huning’inia. Zaidi ya hapo, ilikuwa na sentimita 89, kwa hiyo alisimama mbali na mpira, macho yakiwa ndani ya mstari badala ya juu yake, na kila mara alidhani shimo liko mahali ambapo halipo.

Duniani mtu anayekumbukwa zaidi kwa kufikiria mambo haya ni Karsten Solheim, aliyezaliwa Bergen, Norwei, mwaka 1911, mtoto wa fundi viatu, naye mwenyewe akashona viatu Marekani kabla ya kuwa mhandisi. Gofu aliianza ukubwani, na kusukuma mpira kulimshinda. Badala ya kujilaumu akaanza kuchunguza fimbo. Mwaka 1959 alitengeneza yake ya kwanza, iliyogonga mpira kwa mlio uliompa jina la kampuni, Ping. Ile aliyoibuni 1966, Anser, yenye uzito uliosukumwa kwenye kisigino na ncha, bado inaigwa na karibu kila kiwanda. Kampuni yake pia ndiyo iliyozoesha watu alama za rangi kwenye vichwa vya fimbo za chuma, kila rangi ikiwakilisha pembe ya kulala kwa kimo fulani cha mtu na mikono yake. Nisingeshangaa kama mtu aliyewahi kupima miguu ya wateja ndiye aliyeona mapema kwamba saizi moja haivaliwi na wote.

Mzee wa Muyinga hakutaka kugusa zile fimbo za chuma. Angeweza kuchomoa shafti kwa moto, lakini alisema yeye ni fundi wa baiskeli na asingependa kujaribia kwenye mali ya mtu. Ile ya kusukumia aliikata hadi sentimita 83, na kwa kuwa kukata hukifanya kichwa kihisike chepesi, akabandika nyuma yake vipande viwili vya risasi, vile vya kubalansi magurudumu ya gari. Ilionekana vibaya. Haikuwa suluhisho kamili, kwa sababu umbo lilikuwa lile lile, ila mipira ilianza kugonga kopo.

Fimbo za chuma ziliuzwa kwa hasara. Aliyezinunua ni kijana mrefu wa Kampala, mmoja wa wale wageni wa Jumamosi ile, ambaye alizirudishia urefu kwa shafti mpya za ugumu ule ule, na ambaye kwa maelezo ya wote anazipiga vizuri sana. Bwana wa Gitega, safari yake iliyofuata, aliingia kwenye chumba chenye wavu, akapiga mipira kumi, akaona 130 kwenye kioo, akanyamaza. Anachezea sasa fimbo zenye shimo mgongoni, shafti za nyuzi za kaboni za gramu 65, fupi kidogo, zimelazwa nyuzi mbili, herufi A. Kiwiko kilichukua mwaka mzima kupona.

Wengi wetu huku bara hatufiki kwenye maduka hayo wenyewe, tunamtuma anayesafiri. Basi kabla hujampa fedha, vaa viatu vyako, simama wima, umwombe mtu akupime kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Andika na namba ya glavu yako, na umbali unaoupiga kwa fimbo namba 7 uliyonayo sasa pamoja na nyuzi za uso wake kama unazijua. Mpe msafiri karatasi hiyo, na mwambie kwamba muuzaji asipotaka kuisoma, arudi na fedha.